Wingu la Karatasi

Alinijia kibandani Barabara ya Ngong, siku ya vumbi,
Bi Hatsue, kofia ya ukindu kichwani,
kakumbatia ubao uliofungwa kitambaa
kama mtu apelekaye mkono uliovunjika
kwa mwunga mifupa.

"Rafu," nikasema.
"Si rafu. Ni nyumba.
Ndogo. Ya wasio na miili."
Kwao huiita kamidana. Ilipasuka safarini, ndani ya kontena.
Alitaka mpya, na sharti lake lilikuwa moja:
isiguswe na msumari.

Mimi Kiilu, mwana wa Mwikali,
niliyepigilia vitanda vya nusu ya Dagoretti,
makabati, viti vya kanisa, majeneza,
nikacheka. Itashikwa na nini basi, dua?
Hakucheka. Akafungua mkoba,
akatoa msumeno mwembamba kama jani la muwa.

Sisi husema msumeno hukata mbele na nyuma.
Huu, mbele haukati.
Ukiusukuma unajikunja, unakuaibisha mbele ya wanagenzi.
Siku tatu nikausukuma. Mkono wa miaka thelathini
haukujua kuvuta ila sigara.
Siku ya nne bega likachoka ubishi,
nikauvuta kuja kifuani, taratibu,
kama umwitavyo mtoto mwoga,
na saiprasi ya Limuru ikafunguka
ikanukia.

Bi Hatsue aliacha chai yake ikapoa.
Harufu hiyo, akasema, aliiacha karakanani kwa babake.
Mpaka alasiri hatukusema tena.

Ulimi ndani ya tundu, ndivyo ilivyoshikana.
Watu husema ulimi hauna mfupa;
huu wa mbao ni mfupa mtupu,
ukishaingia kwake hautoki kusengenya.
Nilipoigonga kwa kiganja mara ya mwisho
ilitoa sauti ya mlango ufungwao na mtu mstaarabu.
Mwanagenzi wangu Musembi alitafuta gundi ilipo.
Hakuiona. Akaipindua, akatafuta tena.

Tukaipandisha Kileleshwa, orofa ya tatu,
juu ya macho, ikitazama jua linakotoka.
Mchele kisahanini. Chumvi. Maji.
Majani aliyoyataka hayamei huku;
akaweka tawi la mchai.
"Ni jamaa yake," akasema, "wa mbali,"
kama tunavyosema sisi mgeni akifika bila taarifa.

Hapo juu, orofa ya nne, watoto wakaanza kabumbu.
Sakafu du, du, du.
Bi Hatsue akatazama dari.
Akasaga wino, akachovya brashi,
akaandika neno moja kwenye karatasi:
mistari mingi, kama mvua iliyokuta paa.
"Libandike pale, juu yao."
Nikapanda stuli. "Limesema nini?"
"Wingu.
Si adabu miguu ya watu ipite juu ya hawa.
Sasa juu yao pana wingu,
na juu ya wingu hakuna mpangaji."

Du, du, du, likasema wingu.
Akainama mara mbili, akapiga makofi mawili,
akainama tena. Mimi nilishika kofia yangu,
sikujua niitie wapi mikono.

Usiku ule, Kawangware, chumba cha chini,
orofa nne za watu juu ya kichwa changu,
nikaitazama picha ya Mama Mwikali ukutani,
miaka sita sasa amekaa pale,
na juu yake mtu akiburuta kitanda,
labda kile nilichopigilia mwenyewe.
Nikatoa penseli sikioni.
Nikapanda kiti.

"Unaandika nini darini, Kiilu? Umelewa?"
Sijalewa, mke wangu. Nishikie kiti.
Herufi tano, kubwa, za fundi,
W imepinda kidogo upande wa dirisha.

Mwenye nyumba atanidai rangi.
Na adai.